Msiikate hiyo 504, ulizeni kwanza

Mhariri, naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua. Kama ni ndefu mnaweza kupunguza lakini tafadhali msiitoe ile sehemu ya slivu za injini, manake hio ndo itamsaidia mtu.

Mwezi uliopita nilienda kwa muuza vyuma kuukuu mmoja huku Changamwe, nilikuwa natafuta mlango wa nyuma, nikakuta Peugeot 504 steshen, ile ndefu yenye mlango wa mizigo nyuma, imelazwa ubavu na vijana wawili wanaikata kwa gesi kuanzia nguzo ya kioo cha mbele. Bodi ilikuwa nzima. Nzima kuliko ile niliyonayo nyumbani ambayo naihangaikia mwaka wa nne huu. Nikauliza bei wakaniambia ishauzwa kwa kilo, lori laja jioni. Nilisimama pale kama nusu saa natazama, nikarudi nyumbani na chakula hakikupita.

Baba yangu alikuwa akiendesha Peugeot ya abiria, Mombasa Malindi, miaka ya themanini. Steshen, viti safu tatu, mizigo juu kwenye keria. Wakati ule Kilifi hapana daraja, lile daraja lilifunguliwa 1991, kwa hivyo kila safari ni foleni ya feri, na akifika pale anazima injini, anashuka, anafungua boneti na kuweka mkono karibu na rejeta bila kuigusa, asikize joto. Mimi mdogo nilidhani anaiombea dua. Baadaye ndo akanieleza kwamba hedi, kile kichwa cha juu cha injini hii, ni ya aluminiamu, ikichemka vibaya mara moja tu inapinda na abiria wote wanalala njiani. Basi mpaka leo kabla sijawasha gari yoyote natazama maji kwanza.

Na hizi gari si za wageni kwetu. Ni kweli 504 ilitoka Ufaransa mwaka 1968, umbo likachorwa na Pininfarina wa Italia, 1969 ikapewa taji la gari bora ya mwaka kule Ulaya. Lakini ziliunganishwa hapa hapa Mombasa, kuna wazee wa mitaa hii waliofunga nati zake kwa mikono yao, na kazi hio iliendelea mpaka miaka ya mwanzo ya 2000 ilhali Ulaya wenyewe waliacha kuunda saluni yake, ile ya kawaida yenye buti, tangu 1983. Safari Rally ya 1975 Ove Andersson alishinda na 504, na 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda na ile 504 Coupé ya V6. Aliyewahi kupanda kwenye barabara ya matuta anajua sababu, springi zake zina mwendo mrefu, tairi inashuka shimoni na wewe uliyeketi ndani hujui. Ile steshen nyuma ina springi mbili kila upande, ndo maana ilibeba watu na magunia na bado ikaenda mbio.

Sasa tupige hesabu. Kenya hairuhusu kuagiza gari ya mtumba iliyopita miaka 8. Kwa hivyo 504 nyingine haiji kushuka bandarini. Zilizopo ndo zilizopo, na kila moja inayokatwa ni mlango, kioo, taa, difu ambavyo wengine hatutavipata tena karibu na hapa.

Lakini barua hii si ya kuwalaumu wauza vyuma, wao wanatafuta riziki. Sisi tunaosema tunazipenda pia tunazikata, na hapo ndo penye jambo langu hasa.

Yangu niliinunua kwa familia moja upande wa Kaloleni, ilikuwa chini ya mwembe miaka mingi. Mwenyewe alikuwa ameipeleka gereji moja awekewe injini ya dizeli ya gari nyingine kabisa ili apunguze mafuta. Wale mafundi hawakupima, walitia diski ya kukatia chuma kwenye lile boriti la mbele linalobeba injini na steringi, wakalikata pande mbili, wakapasua na ukuta wa kati ili giaboksi ipite, alafu wakagundua sampu, lile karai la oili chini ya injini, inagonga steringi. Basi. Wakamwambia mwenye gari aje aichukue. Pesa zilikwisha, injini ya asili ilikuwa imewekwa nje bila kufunikwa, gari ikavutwa kwa kamba hadi chini ya mwembe na hapo ikakaa. Mambo hayo mawili, ule mkato na ule mwembe, yamenigharimu zaidi ya kila kitu kingine. Majani ya mwembe yalijaa chini ya kioo cha mbele pale maji ya mvua yanapopitia, matundu yakaziba, maji yakawa yanamwagika ndani miguuni na sakafu yote ikaliwa. Mwenye gari iliyolala chini ya mti naomba akasafishe hapo leo, ni kazi ya dakika kumi.

Boriti nililipata kwa bahati kutoka kwenye saluni iliyogongwa nyuma. Bila hilo ningekuwa na banda la kuku.

Karakana yangu ni kibanda nyumbani Kisauni, zamani kiliezekwa makuti, nikaezua nikatia mabati kabla sijachomelea chochote, na nawaambia vijana wanaoanza, msichomelee chini ya makuti hata kama mmeweka ndoo za maji pembeni. Tangi la petroli litoke kwanza lipelekwe mbali. Betri ifunguliwe na waya za altaneta zichomolewe manake umeme wa weldingi unaziua daiodi zake. Na usiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake, weka stendi, weka na rimu ya tairi chini ya boriti. Jirani yangu kaka mmoja alipoteza vidole viwili hivo.

Sasa slivu. Injini ya 504, yangu ni ile ya ukubwa wa cc 1971, bloku ni chuma lakini silinda zake ni slivu zinazotoka, zimesimama ndani ya maji yenyewe, chini zimekalia sili nyembamba na juu zinabanwa na hedi. Uzuri wake ni kwamba ikichakaa huhitaji kutoboa bloku, unang'oa slivu na pistoni zake unatia seti mpya hapo hapo kibandani kwako. Ubaya wake ni kwamba ukishatoa hedi hakuna kitu kinachozibana tena. Ukizungusha krenki, ile shafti inayoendesha pistoni, hivo hivo, pistoni inainua slivu, sili ya chini inahama, na wewe huoni kitu. Unafunga hedi vizuri, unawasha, gari inanguruma raha, baada ya siku mbili unachomoa kijiti cha oili unakuta rangi ya chai ya maziwa. Maji yameingia kwenye sampu. Unafungua kila kitu upya. Mimi mkono ulikuwa ushashika spana kwenye puli ya mbele nataka kuzungusha, mzee mmoja fundi ambaye huja kukaa na mimi jioni akanipigia ukelele nikaiacha. Akachukua boliti za hedi, washa (zile pete za chuma) kubwa na vipande vya paipu, akazibana slivu zote nne, alafu akaniambia haya zungusha sasa. Yule mzee hajaenda chuo, amejifunza kwenye gari za abiria, na nyinyi gazeti mngemtafuta yeye na wenzake kabla ya kumtafuta mtu mwengine yeyote, manake wakiondoka wanaondoka na hayo.

Na maji ya kisima msitie kwenye rejeta jamani. Huku Pwani visima vingi vina chumvi, aluminiamu inalika kama imetafunwa, hedi yangu ilikuwa na matundu mdomoni mwa njia za maji ikabidi ijazwe na kuchongwa upya. Tieni kulanti, yale maji maalumu ya rejeta, na kama hamna pesa basi hata maji ya mvua ni afadhali.

Kutu ndo vita yenyewe ya Mombasa. Wengi wanapaka fila juu ya kutu, wanapiga rangi, gari inang'aa kwenye harusi na baada ya miezi sita rangi inafura kama malengelenge. Kutu haifi ukiifunika, yabidi ukate mpaka ufikie bati lenye mlio safi, uchomelee kiraka kidogo kidogo kwa kurukaruka ili bati lisipinde kwa joto, usage, upake praima ya zinki, na ndani ya vile vizingiti vya chini ya milango unyunyizie nta ya kuzuia kutu mpaka imwagike kwenye matundu. Sakafu mie nimetumia bati la geji 20. Kizingiti cha kushoto peke yake kilinichukua likizo nzima.

Mtu atasema wewe wataka gari ibaki makumbusho. La. Yangu nimeibadilisha na nitaendelea kuibadilisha, manake hii ni gari ya kupeleka watoto shule si ya kutazamwa. Pointi, zile zinazokata umeme wa plagi ndani ya distributa, nimetoa, ile kazi ya kupima nafasi ya milimita 0.4 na kusugua weusi kila mara nimeichoka, nimetia ya elektroniki ndani ya distributa ile ile na kwa nje huioni. Feni ya asili ilikuwa ya sumaku, inajishika yenyewe injini ikipata moto, fikra nzuri sana kwa zama zile lakini brashi yake imekwisha, nimeweka feni ya umeme mbele ya rejeta kwa ile foleni ya feri ya Likoni. Taa za mbele zamani umeme wote unapitia kwenye swichi ya steringi, swichi inaungua na taa zinakuwa za njano kama kibatari, nimetia rilei mbili, yaani swichi zinazoendeshwa na umeme, na fyuzi zake, waya mnene kutoka betri, usiku naona ng'ombe barabarani mapema. Mikanda ya viti vya nyuma nimeiweka yote, na pale inapofungwa nimetia kipande cha chuma chini ya bati kwa sababu bati tupu litachanika siku ya ajali. Paipu za mpira za breki ni mpya zote, na hizi msizitazame kwa nje, mpira mzee huvimba ndani ukaziba, breki inashika alafu haiachi.

Katika yote hayo sijakata kitu. Kila nilichotoa kipo kwenye katoni juu ya rafu, nimekifunga kwa karatasi ya oili na kuandika jina. Mwanangu akitaka kurudisha pointi anarudisha mchana mmoja. Hicho ndo kipimo ninachowaomba wenzangu wakitumie kabla ya kuwasha diski: hiki ninachotaka kufanya, mtu mwengine anaweza kukirudisha? Feni yarudi. Rilei zarudi. Lakini boriti lililokatwa halirudi, paa lililokatwa ili gari iwe pikapu halirudi, bawa lililokatwa ili tairi kubwa ziingie halirudi. Na anayetaka kubadilisha injini kwa lazima, basi atafute injini inayokaa kwenye maboriti ya asili, apime kwa futi na karatasi kwanza, aende na NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, namba ya injini iandikwe kwenye kitabu cha gari, manake nimeona gari nzuri zikikwama bila kuuzika kwa sababu namba ya injini na ya kitabu ni mbili tofauti.

Kwa wauza vyuma nina ombi moja nalo ni la pesa kwao. Kabla ya kuikata steshen ya 504 toeni mlango wa nyuma na kioo chake, taa za nyuma, vioo vya pembeni vile virefu, viti vya safu ya tatu na reli zake. Wekeni kando miezi mitatu. Bei yake kwetu ni mara nyingi ya kilo.

Wale vijana wa Changamwe niliwarudia siku ya pili. Niliwapelekea picha za gari yangu kwenye simu, ile sakafu ilivyokuwa na ilivyo sasa, wakaziangalia moja moja bila haraka. Mmoja akaniambia babu yake alikuwa na Pijo. Kumbe mlango wa nyuma walikuwa wameshautoa kabla lori halijaja na kuuegemeza ukutani, mpini mzima, kioo kizima, kutu kidogo tu kwenye pembe ya chini kulia. Nimewaachia namba yangu ya simu kwenye karatasi wakaibandika ukutani penye mzani, na Jumapili nimeanza kuusugua.

Msomaji wenu,
Kisauni, Mombasa