Rangi ya nyumba ya mbao haibabuki bure

Kila mvua za Septemba zikianza hapa Goma, simu ni zilezile: "Fundi, rangi yenu imebabuka, mlituibia." Juzi mama mmoja wa Ndosho alikuja hadi karakana na ganda la rangi, akalitupa juu ya meza ya randa. Nikaligeuza. Kwa nyuma lilikuwa jeusi, linateleza: mafuta ya vidanji, yaani mafuta machafu ya injini. Kwenye devi yetu, yaani karatasi ya makadirio ya bei, tulikuwa tumeandika kazi ya kuondoa mafuta hayo. Akaona ni bei ya kupandisha tu, akanunua rangi kwetu na kumpa kijana wa mtaani apake juu kwa juu.

Sikatai, vidanji inasukuma maji kwa muda, na gereji zinaitoa karibu bure. Lakini haikauki. Rangi haipati pa kushika, jua likipiga inainuka, mvua ikija inaingia chini yake na kubaki humo. Ikishanyweka kwenye mbao, kukwangua hakutoshi: lazima kupiga randa mpaka kwenye mti mweupe, na mbao ikiwa nyembamba tunaing'oa. Hapo ndipo mtu aliyekwepa hela ya kukwangua ananunua mbao mpya.

Halafu kuna mianya. Mbao za mkaratusi zinauzwa zikiwa bichi, zinapigwa ukutani zikiwa bichi, na zikikauka zinasinyaa. Upepo wa ziwa ukisukuma mvua, maji yanafika hadi kitandani. Watu wanaziba kwa karatasi, kwa gunia, hata kwa sima, yaani saruji! Sima haichezi na mbao. Inapasuka na kuacha ufa mwembamba unaonyonya maji vizuri kuliko mwanzo. Sisi tunafunika mwanya kwa ubao mwembamba, ambao unapigiliwa upande mmoja tu. Mteja mmoja wa Katoyi alidhani tunamnyima misumari, akajiongezea ya upande wa pili. Mbao zilipovutana, vifuniko vyake vikapasuka katikati.

Ukitaka kujua ukuta unaanza kuoza wapi, inama. Nyumba isiyo na gutiere (mfereji wa ukingo wa paa), maji ya paa yanapiga mawe ya lava na kurukia mbao za chini. Choma kwa bisibisi: ikizama bila kusukumwa, hapo rangi ni kupoteza hela. Mbao ya kwanza ikae juu ya msingi wa mawe, mbali na udongo, na vichwa vya mbao vipakwe kabla ya kupigiliwa, maana mti unakunywa maji kwa kichwa kuliko kwa ubavu. Mafundi wengi wanaruka hatua hii kwa sababu baadaye haionekani.

Tole, yaani bati la paa, pia tunaikagua. Kati ya 2002 na 2021, volkano ya Nyiragongo ikiwa na ziwa la lava, moshi wake ulitia mvua asidi, na tole nyingi za mji huu zilitoboka mapema. Tundu dogo karibu na upenu linashusha maji nyuma ya mbao, mwenye nyumba analaumu rangi.

Sasa bei. Wanasema sisi ni ghali kuliko vijana wa Birere. Ni kweli, na siku nyingi za kazi yetu huoni mtu ameshika brashi. Tunakwangua, tunabadilisha zilizooza, tunangoja. Jioni tunabandika kipande cha nailoni kwenye mbao, kingo zote zimezibwa. Asubuhi kikiwa na matone kwa ndani, hatupaki, hata mwenye nyumba akasirike. Papa mmoja wa Himbi alitufukuza kwa sababu hiyo, akaleta wengine waliomaliza siku ileile. Alitupigia simu kabla ya Noeli.

Kwa hiyo bei kwa simu hatutoi. Kazi za nje tunazipanga Juni hadi Agosti, lakini ukaguzi tunapenda kuufanya sasa, mvua ikinyesha, tuone maji yanapita wapi. Na kama ukuta ulishapakwa vidanji, tuambie mapema. Tutaigundua tu.