Shilingi mia isimnyime mwanafunzi elfu thelathini

Mhariri,

Sipingi serikali ya Kenya kuweka kikomo cha ufadhili wa masomo ya chuo kikuu. Mpango wa zamani ulimlipia mtoto wa waziri sawa na mtoto wa kibarua, na hata ile asilimia 80 ya gharama ambayo serikali ilipaswa kuvipa vyuo haikuwa ikifika yote. Vyuo vikazama kwenye madeni ya mabilioni. Mfumo mpya, unaotoa ufadhili kulingana na mapato ya familia, ulipotangazwa Mei 2023, wazazi wengi tuliupigia makofi. Tatizo langu ni jinsi kikomo chenyewe kilivyokatwa.

Tazama bendi tano, yaani makundi ambayo familia hupangwa kwa mapato yake. Familia yenye mapato ya hadi shilingi 70,000 kwa mwezi iko bendi ya tatu: ufadhili asilimia 50 ya karo, mkopo 30, mzazi 20. Ikivuka hapo, mpaka 120,000, ni bendi ya nne: ufadhili 40, mkopo 30, mzazi 30. Sasa chukua kozi ya shilingi 300,000 kwa mwaka. Mzazi wa 70,000 atalipa 60,000. Jirani anayemzidi kwa mia moja tu atalipa 90,000, na mkopo wa matumizi wa mtoto wake utashuka kutoka 50,000 hadi 45,000. Yaani nyongeza ya 1,200 kwa mwaka imemletea bili ya 30,000.

Na mapato yenyewe yanapimwaje? Huku kwetu Kericho mkulima wa chai hupokea malipo madogo kila mwezi kulingana na kilo alizopeleka, kisha bonasi mara moja kwa mwaka. Bonasi ya mwaka huu si ya mwaka jana. Akiulizwa anapata ngapi kwa mwezi, ataje mwezi upi? Mwalimu hana la kuficha, kila shilingi yake iko kwenye hati ya mshahara. Lakini droo ya mwenye maduka matatu mjini ataihesabu nani?

Mahakama Kuu ilipoutangaza mfumo huu kuwa kinyume cha Katiba, Desemba 2024, serikali ilikimbilia rufaa. Ingekuwa heri muda huo utumike pia kuurekebisha. Ufadhili upungue kidogo kidogo kadiri mapato yanavyopanda, badala ya kuporomoka asilimia kumi kwa mpigo. Kompyuta inayompanga mtoto kwenye bendi haishindwi na hesabu hiyo. Mapato ya mkulima yachukuliwe ya mwaka mzima, yagawanywe kwa 12. Ukubwa wa familia unatajwa miongoni mwa vigezo, ila mzazi mwenye watoto wawili chuoni haonyeshwi umempunguzia nini. Kila mwanafunzi apewe barua yenye hesabu yake, akikata rufaa ajibiwe kabla usajili wa muhula haujafungwa.

Tena, wahadhiri wakigoma na kozi ikarefuka, ufadhili uhesabiwe kwa mihula iliyosomwa, si kwa miaka ya kalenda. Mgomo hauitishwi na wanafunzi.

Mzazi,
Kericho