Mchoro wa programu utoke kwenye programu yenyewe

Bwana Mhariri,

Hapa Lubumbashi, mwanafunzi wa informatiki anayetetea TFE yake (kazi ya mwisho wa masomo) hubandika mchoro wa UML (alama za kawaida za kuchora muundo wa programu) wenye masanduku na mishale mingi. Mara nyingi ameuchora kwa kukumbuka, na msimbo (maandishi ya programu) ulishabadilika zamani. Atakayekuja kurekebisha programu hiyo atafuata mishale isiyofika popote.

Tunaomba programu iachwe ijichore ikiwa kazini. Kwa lugha ya Python inatosha sys.setprofile, ambayo hutoa taarifa kila fanksheni (kipande cha msimbo chenye kazi yake) inapoitwa na inaporudi. Rekodi aliyeita (hupatikana kwa f_back), aliyeitwa, faili lake na saa. Kisha endesha shughuli moja mwanzo hadi mwisho, tuseme mzazi analipa minervali (ada ya shule) kwa simu. Kila jozi inakuwa mstari mmoja wa Graphviz (programu ya kuchora masanduku na mishale), kama lipa -> hakiki, na amri yake ya dot inatoa picha.

Picha ya kwanza huwa msitu, na wengi hukata tamaa hapo. Kumbe maktaba za Python (msimbo ulioandikwa na wengine) nazo zimeingia: zichuje, ibaki folda yako tu. Kitanzi kinachopitia wanafunzi 500 kisitoe mishale 500. Toa mmoja wenye idadi ya miito juu yake. Masanduku yakizidi 30 hivi, chora moduli (mafaili ya msimbo) badala ya fanksheni.

Kosa baya zaidi ni la nyuzi (kazi za programu moja zinazokwenda sambamba), kwa kuwa halitoi onyo. sys.setprofile huona uzi ulioiita tu. Kazi ikihamia uzi mwingine, mchoro unakatika nawe unadhani umekwisha. Weka threading.setprofile kabla nyuzi mpya hazijaanza. Huduma zikiwa kwenye seva kadhaa, tumia OpenTelemetry, mradi wa zana za kufuatilia programu uliozaliwa 2019: kila ombi hubeba kitambulisho cha baiti 16, na kila hatua ina chake cha baiti 8 pamoja na cha hatua iliyoizaa. Panga mti kwa hicho cha mzazi, usipange kwa saa. Saa za seva mbili zikipishana hata kidogo, jibu huonekana limetangulia swali.

Tena, ufuatiliaji huonyesha kilichopita tu. Mtandao usipokatika wakati wa jaribio, njia ya kurudisha pesa haitakuwemo. Ukate makusudi, ingiza PIN isiyo sahihi, lipa mara mbili. Thamani zinazopitishwa kwa fanksheni usizirekodi kabisa, la sivyo namba za simu na PIN za wazazi zitabaki wazi kwenye faili.

Walimu wanaosimamia TFE wadai, pamoja na mchoro, faili la ufuatiliaji, toleo la msimbo lililoendeshwa na orodha ya majaribio, yakiwemo yaliyoshindwa.

Waandishi wa programu,
Kamalondo, Lubumbashi