Jumamosi tunapanda treni
Habari za jioni, ndugu zangu. Filamu yetu ya Jumamosi, saa 2 usiku, ni Breakheart Pass ya mwaka 1975, mwigizaji mkuu akiwa Charles Bronson. Najua baadhi yenu mmechoshwa na makauboi, lakini hii naomba muipe nafasi. Sehemu kubwa inatokea ndani ya treni ya mvuke inayopasua milima yenye theluji huko magharibi mwa Marekani, ikipeleka askari na dawa kwenye ngome inayosemekana kukumbwa na dondakoo. Kisha watu wanaanza kufa, mmoja baada ya mwingine.

Utamu wenyewe ndio huo! Filamu nyingi za makauboi, mwovu unamjua tangu anapoingia baa, na akizidiwa anatimkia jangwani na farasi wake. Humu hakuna pa kukimbilia. Muuaji anakula meza moja na wenzake, na nje ni milima ya theluji tu.

Pigano la juu ya paa la behewa lisiwapite: anayepambana na Bronson ni Archie Moore, aliyewahi kuwa bingwa wa dunia wa ngumi.

Mlioiona tayari, tafadhali sana, msimtaje muuaji humu kabla ya Jumapili.