Jiwe la kaburi lisisuguliwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwasihi wasomaji kwamba anayekuta jiwe la kaburi la kale mahali lisipotarajiwa asilisugue kwa brashi ya waya. Mwaka 2025, mjini New Orleans, Marekani, wenye nyumba waliokuwa wakifyeka ua walikuta bamba la marumaru lenye maandishi ya Kilatini, wakawaita wataalamu, na ikabainika kuwa ni la baharia wa Kirumi, Sextus Congenius Verus, lililokuwa mali ya makumbusho ya Civitavecchia, Italia, yaliyoharibiwa kwa mabomu katika Vita vya Pili vya Dunia. Herufi zilizofifia husomeka tochi ikimulikwa kwa ubavu. Zikikwanguliwa, jina la marehemu, pengine kumbukumbu yake pekee, hupotea kabisa. Lipigwe picha papo hapo lilipo, kisha ofisi ya mambo ya kale ijulishwe.

Msomaji wako