Kabla ya kupandikiza nywele, uliza habari ya mzizi

Mhariri,

Matangazo ya kupandikiza nywele yamejaa kwenye simu, na picha zake nyingi ni za vichwa vyenye nywele zilizonyooka. Msomaji wa Dodoma mwenye nywele za kipilipili asijipime kwa picha hizo.

Kazi hii si ya jana. Mwaka 1939 Dk. Shoji Okuda wa Japani alieleza namna ya kuhamisha vipande vidogo vya ngozi yenye nywele. Mwaka 1952 Dk. Norman Orentreich wa New York akaanza kutibu upara wa kawaida, akabaini kwamba nywele za kisogoni zikihamishiwa utosini huendelea na tabia ya kisogoni. Ila vipande vya milimita 4 viliota mafungu mafungu, kichwa kikawa kama cha mwanasesere! Leo huhamishwa kifungu cha nywele 1 hadi 4, kwa kisu cha mviringo chenye upana wa takriban milimita 1.

Kisu hicho ndicho kinachotuponza. Kipilipili hakijikunji juu tu, hata ndani ya ngozi mzizi umepinda. Daktari akididimiza kisu kwa kufuata unywele anaouona nje, anaukata mzizi, na uliokatwa mara nyingi hauoti. Mzoefu hutumia kisu kipana kidogo, haendi kina kirefu, hupindisha mkono kuufuata mzizi. Tena huanza kwa kuchomoa michache na kuikagua kwa kioo cha kukuzia: mizima mingapi, iliyokatika mingapi. Mwulize kama hufanya hivyo.

Mwenye kovu la sikio lililovimba kama harage baada ya kutoga, au vipele sugu vya kisogoni, aseme mapema. Huyo hupandikizwa mizizi michache ya majaribio, kisha husubiri miezi kadhaa kuona kama keloidi, yaani kovu la kuvimba la namna hiyo, itaota.

Akina dada waliopoteza nywele za juu ya paji la uso kwa misuko ya kubana hufaidika, mradi waache kubana. Lakini utosi unaowasha, unaochoma na kung'aa upimwe kwanza kipande cha ngozi maabara. Ugonjwa unaoua mizizi ukiwa bado hai, utakula na mipya.

Nywele zilizopandwa hupukutika wiki chache za mwanzo, huchipua tena kuanzia mwezi wa 3 au wa 4, na tathmini ni baada ya mwaka. Siku 10 za kwanza panda daladala: helmeti ya bodaboda hung'oa mizizi ambayo haijashika.

Wahudumu wa afya ya ngozi,
Dodoma