Barua ya wazi kwa Rais wa FIA, shirikisho la dunia la mbio za magari: moto mliouzima kwenye rali bado unawaka barabarani

Assalaam aleykum Mheshimiwa Mohammed Ben Sulayem,

Najua Kiswahili husomi, lakini hapo kwenu Dubai ukitoka nje ukauliza nani anajua Kiswahili hutangoja dakika mbili, kuna madereva, walinzi, watu wa Lamu, Waarabu waliozaliwa Unguja, yeyote atakusomea. Binamu yangu mwenyewe yuko hapo Sharjah anaendesha rikaveri, gari la kuvuta magari yaliyoharibika, na huyo ndo amenitia hamu ya kuandika, nitamrudia.

Mimi ni fundi gari. Kwetu Mombasa lakini gereji yangu iko Nakuru, na tangu Safari Rally irudi kwa kalenda ya dunia 2021 kila ikija Naivasha mimi hujitolea umarshali, ile kazi ya kusimama kwa vumbi kutwa nzima na fulana ya kuwaka-waka, filimbi, na mtungi wa kuzimia moto ambao unaomba Mungu usiuguse. Wewe ulikuwa dereva wa rali, bingwa wa Mashariki ya Kati mara 14, kwa hivo haya unayajua kuliko mimi. Naandika tu ili wengine wanaosoma waelewe.

Kitu cha kwanza tulichofunzwa ni kuangalia, kukimbia baadaye. Gari ikibiringika unatafuta alama mbili. Moja ni pembetatu ya buluu yenye cheche nyekundu ndani, hapo ndo pa kukatia umeme wa gari yote. Ya pili ni herufi E nyekundu kwa duara jeupe, ukivuta hapo mtungi uliofungwa ndani ya gari unapuliza dawa kwa injini na pale dereva amekaa. Basi. Hata mtu hajawahi kushika spana anaelewa. Alafu tangi lenyewe si bati, ni mfuko wa mpira mgumu unaokubali kubonyea bila kupasuka, na kati yake na dereva kuna ukuta. Haya yote yaliandikwa na ofisi yako, na yanafanya kazi. Ureno 2016 Hyundai ya dereva wa rali Hayden Paddon ilitoka njiani ikawaka mpaka vichaka vikashika moto, na yeye na msoma njia wake John Kennard wakawa wamesimama kando wanaiangalia ikiisha.

Sasa njoo Jumapili jioni, rali imeisha, watu wanarudi Nairobi na wengine Nakuru, na kila mwenye Subaru amegeuka dereva wa rali. Wakikupita hapo Gilgil unasikia ekzosti kifuani. Ile gari iliyokuwa inakimbizana na saa kwa njia iliyofungwa, ambulensi iko karibu, helikopta iko juu, ina mtungi na tangi la mpira na swichi ya nje. Hii ya barabarani inayokimbia karibu sawa na ile, na trela mbele na bodaboda pembeni, haina hata kimoja.

Kuna kijana aliniletea Subaru WRX analalamika harufu ya petroli. Ameifanyia tuning mahali, yaani kuiongezea nguvu injini, nguvu imeongezeka kweli, hilo sikatai. Nafungua boneti naona mpira wa petroli umebadilishwa ukawekwa mpira wa maji, ule mweusi wa kawaida, umeshikwa na zip-tai ya plastiki, na uko vidole viwili kutoka kwa turbo. Vidole viwili! Nikaubonyeza ukaacha alama ya kidole, ulishalainika. Turbo ikifanya kazi sana inapita nyuzi 800, inakuwa nyekundu kama kaa la mkaa, na petroli haihitaji hata cheche, ikigusa chuma cha nyuzi mia tatu hivi inaweza kujiwakia yenyewe. Nikamuuliza unajua umekalia nini, akanijibu, fundi, mimi si mtu wa kugonga.

Utaniambia huyo ni kijana na gari kuukuu la Japani na fundi wa vichochoroni, kosa lao. Sawa. Tuache yeye twende kwa gari za pesa.

Porsche Carrera GT, injini ya V10 nyuma ya mgongo wa dereva, tangi likiwa limebanwa kati ya kiti na injini, mwendo wa juu km 330 kwa saa. Tarehe 30 Novemba 2013 huko Santa Clarita, California, ndimo walimokufa Paul Walker, yule mwigizaji wa Fast & Furious, na rafiki yake Roger Rodas aliyekuwa anaendesha. Wachunguzi walisema ilikuwa kati ya maili 80 na 93 kwa saa, yaani kama km 130 hadi 150, mahali pa maili 45, na tairi zilikuwa za miaka tisa. Hayo ni makosa, hakuna anayetetea. Lakini ripoti ya daktari ilisema Rodas alikufa kwa majeraha ya kugonga, na Walker kwa majeraha ya kugonga pamoja na ya moto. Hilo neno "pamoja" mimi limenikaa kichwani miaka yote hii.

Alafu 3 Julai 2025, Diogo Jota wa Liverpool na mdogo wake André Silva. Huku kwetu mtaa mzima ulinyamaza, hata wa Man U. Barabara ya A-52 mkoa wa Zamora, Uhispania, usiku, Lamborghini, polisi wakasema tairi ilipasuka akipita gari lingine, gari likatoka njiani likawaka. Sidai ni moto ndo uliowaua, hilo si langu kusema. Nasema tu ukiona zile picha, palipokuwa na gari hapana gari.

Binamu yangu wa Sharjah anasema hizo za bei ndo mbaya kuzizoa. Gari la kawaida likiungua linabaki mifupa ya chuma unafunga mnyororo unavuta. Hizi zina alumini nyingi, inayeyuka inatiririka chini ya gari, inagandia lami kama madini ya fedha, inabidi aibandue kwa mtaimbo. Kabon faiba nayo gundi yake inaungua zinabaki nyuzi nyuzi zinawasha ngozi siku mbili. Na zenye rimu za magnesiamu ukimwagia maji ndo umechochea. Wazima moto wanafika na maji! Hakuna kibandiko popote kwa gari kinachowaambia kuna nini humo.

Mzee, kitu kinachoniudhi ni hiki. Gari hizi zikijiwakia zenyewe, kampuni zinashtuka fasta. Ferrari 2010 iliita 458 Italia zote 1,248 juu ya gundi ya kwa tairi za nyuma iliyokuwa inapata joto na kuwaka, wakaitoa wakaweka ribiti. Porsche 2014, GT3 mbili zikaungua, wakaita zote 785 wakabadilisha injini nzima nzima, si kutengeneza, kubadilisha. Lamborghini nao 2017 waliita Aventador karibu 5,900 juu ya mvuke wa petroli. Hongera zao. Lakini ikiwaka baada ya kugonga, mjadala unaisha siku hiyo hiyo, alikuwa mbio. Alikuwa mbio, haya, na mliiuza ya nini kama si mbio?

Angalia pia zinavyopimwa. Kwa kanuni za Umoja wa Mataifa gari linagongeshwa mbele kwa km 56 kwa saa, ubavuni linagongwa kwa km 50, alafu inapimwa petroli isivuje zaidi ya gramu 30 kwa dakika. Kipimo hicho hicho kwa Probox na kwa gari la km 330. Nguvu ya kugonga haipandi pole pole na mwendo, inapanda mraba, yaani kwa km 150 ni mara saba ya ile ya 56. Simaanishi gari ligongwe kwa 330 alafu dereva atoke anajipangusa vumbi. Naomba tangi tu lisikubali haraka hivo.

Na nyinyi FIA mnajua inawezekana, manake mmelipia masomo haya kwa maiti. Korsika, 2 Mei 1986, dereva wa rali Henri Toivonen na msoma njia wake Sergio Cresto walikufa ndani ya Lancia Delta S4, tangi liko chini ya viti, gari likaanguka bondeni likabaki fremu tupu. Hapo hamkusema alikuwa mbio. Balestre, mkubwa wa mbio wa wakati huo, alipiga marufuku Group B, lile kundi la gari za rali zenye nguvu kupita kiasi, mwaka uliofuata hazikuwepo tena. Alafu Bahrain, 29 Novemba 2020, hapo jirani na kwenu, Romain Grosjean wa Formula 1 anagonga ukuta kwa km 192, gari linakatika mara mbili, anakaa sekunde 27 ndani ya moto anatoka kwa miguu yake na mikono imeungua. Mlichunguza mkasema wazi hata kwa gari lile kifuniko cha tangi kilichomoka na bomba la petroli likang'oka, alafu mkaenda mbele mkafanyia kazi mpaka glavu. Glavu, mheshimiwa! Mlifika hadi kwa glavu.

Utasema gari za barabarani si kazi ya FIA. Max Mosley alikuwa amekalia kiti hicho hicho chako na ndo akawa mwenyekiti wa kwanza wa Euro NCAP 1997, wale wanaogongesha gari mpya na kuzipa nyota za usalama, na leo hakuna kampuni ya gari za familia inayotaka kuonekana na nyota mbili. Kiti mnacho huko bado. Hizi supakaa hazipelekwi kupimwa nyota kwa sababu ni chache na ni ghali kuvunja, basi tafuteni njia nyingine, wenye hizo gari wengi ni wanachama wa vilabu vyenu na kampuni zenyewe ziko kwa mashindano yenu kila wikendi, mnakutana nao wanakunywa kahawa.

Ninachoomba si kikubwa. Gari lolote linalouzwa kwa kujisifia mwendo wa rali au wa treki liwe na tangi la aina ile mnayolazimisha kwenye rali, na viungo vya bomba vinavyojifunga vikikatika. Mtungi wa ndani unaojipuliza, na msiniambie ni ghali, Ford waliuweka kama chaguo kwa Crown Victoria za polisi wa Marekani za 2005, gari la polisi jamani, la kawaida kabisa. Na ile pembetatu ya buluu iwe kwa kila gari la hivo, mahali pamoja, ili mama wa mboga wa barabarani akifika wa kwanza, manake huku ndo hufika wa kwanza, ajue pa kuvuta. Hiyo ya mwisho ni kibandiko na waya tu.

Kuhusu vijana wetu wa tuning, hiyo ni kazi yetu na nitawaandikia wakubwa wa hapa barua yao. Yule wa WRX nilimwekea mpira wa petroli unaofaa na klipu za chuma, akalipa akilalamika bei.

Ule wa zamani sikuutupa. Uko kwa droo ya meza yangu na zip-tai yake. Ukija tena Naivasha nitakuja nao.

Wasalaam,
Fundi na marshali wa kujitolea, Nakuru